Ndege Iliyozunguka Juu ya Mikorosho

Misugusugu, Kibaha
21 Novemba 1976

Kwa dada yangu mpendwa Biasha,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na lile goti lililokusumbua tangu masika limepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Wifi yako Siwema anakuamkia, watoto wanakwenda shule, na vuli imeanza kwa kunyesha leo na kukauka kesho. Mahindi tuliyopanda nyuma ya nyumba yameota vizuri, isipokuwa mbuzi wa jirani waliyaona kabla yetu. Jirani anasema si mbuzi wake. Tumeliacha hapo.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Mwamvita alipopita kwenda hospitali, na nimefurahi kuona umeiandika mwenyewe. Zamani ulipokuwa ukiandikiwa, mwandishi alikuwa akiongeza maneno yake ya heshima mpaka nashindwa kujua dada amekasirika au amefurahi. Hii ilikuwa sauti yako tupu, pamoja na lawama. Nimezipokea zote.

Sasa nikujibu ulichouliza. Umeniambia kwamba Jumanne ya wiki ile ya mwanzo wa mwezi ilikuja ndege huko Mzenga, ikazunguka chini chini asubuhi nzima juu ya mahame mlikotoka, na watu wote wakasema ni Serikali inapiga picha kuona nani amebaki kijijini na nani amerudi shamba lake la zamani. Umesema hujalala vizuri tangu siku hiyo. Umesema mlipohamishwa mara ya kwanza ulibeba milango na mapaa kichwani ukanyamaza, lakini ukihamishwa mara ya pili hutainuka. Ukaniagiza, kwa kuwa mimi ni mtu wa gazeti, nikachunguze ndege ile ilikuwa ya nani na ilitafuta nini.

Jibu ni hili, nalitanguliza ili usome mengine ukiwa umetulia. Haikuwa ndege ya Serikali. Haikupiga picha hata moja. Haikuwa na habari na kijiji chenu wala na korosho zenu. Ilikuwa ndege ya abiria ya kampuni moja ndogo inayoitwa Ndege za Mrima, iliyokuwa inakwenda Dodoma, ikapata hitilafu mara baada ya kuruka. Sikulazimika kuchunguza sana, dada, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwamo.

Najua utakapofika hapa utaiweka barua chini na kumwita mtu. Usimwite mtu. Niko salama, sikupata hata mchubuko, na kila aliyekuwamo alishuka kwa miguu yake. Endelea kusoma.

Mhariri alinituma Dodoma kuandika habari za mkutano wa wizara. Nilipewa kiti cha mbele kabisa, pale ambapo pazia tu ndilo linalowatenga abiria na marubani, na siku ile pazia lilikuwa limefungwa pembeni kwa sababu ya joto. Kwa hiyo yote nitakayokueleza niliyaona na kuyasikia, na pale ambapo sikusikia vizuri niliwauliza wenyewe baadaye.

Marubani walikuwa wawili. Mkubwa wao ni Kapteni Gregori, mtu wa Songea, mnene kidogo, mwenye mvi, asiyepandisha sauti. Kulia kwake alikaa msaidizi wake, kijana aliyekuwa bado katika miezi ya majaribio. Mhudumu alikuwa binti mmoja anayeitwa Stellamaris. Nyuma yangu alikaa bwana mkubwa mmoja wa wizara, Ndugu Silvanus, aliyekuwa afungue ule mkutano saa nne, na ambaye tangu tulipopanda alikuwa ameshikilia mkoba wake kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Ndege iliondoka vizuri. Kwa kawaida ikishapanda, magurudumu hukunjwa yakaingia tumboni, na pale mbele ya marubani kuna taa nyekundu ambayo huwaka wakati yanakunjwa na kuzimika yakishakaa mahali pake. Safari hii haikuzimika. Msaidizi ndiye aliyeiona kwanza akaionyesha kwa kidole. Mimi nilitegemea kapteni atashika kitu haraka. Hakushika kitu. Alimwambia msaidizi aendelee kuipandisha ndege na mtu asiguse mtambo wowote mpaka wafike juu pa kutosha, na akakaa anaitazama ile taa kama unavyomtazama mgeni ambaye hajasema shida yake.

Walipofika juu ndipo waliposhauriana, na hapa nataka nikueleze desturi ya mzee yule kwa sababu ndiyo iliyoamua mambo. Yeye hasemi anavyofikiri kabla mdogo wake hajasema. Baadaye aliniambia kwamba katika kazi yake ameona marubani hodari wamekufa pamoja na wasaidizi waliojua kosa lakini wakanyamaza, kwa kuwa mkubwa alikuwa ameshatamka. Kwa hiyo huanza kwa mdogo, na mdogo huyo haruhusiwi kujibu kwamba anamwachia kapteni.

Mambo ya kuchagua yalikuwa matatu. La kwanza, kuendelea Dodoma na kuishughulikia taa huko. La pili, kurudi uwanjani palepale, lakini ndege ilikuwa imejaa mafuta, na ndege nzito yenye gurudumu lisilo imara ikianguka uwanjani hulipuka. La tatu, kukaa hewani mpaka mafuta mengi yaishe, kisha kurudi ikiwa nyepesi.

Wakati huo Ndugu Silvanus alikuwa ameshamwita Stellamaris kuuliza kwa nini ndege haielekei magharibi. Binti akamjibu kwa adabu kwamba kuna taa moja marubani wanaiangalia. Bwana yule akasema taa moja ni jambo la fundi, na mafundi wapo Dodoma pia. Stellamaris akaenda mbele, akarudi, akamwambia kwamba kapteni anamsalimu na anamwomba afunge mkanda. Ndugu Silvanus akaniuliza mimi kama hiyo ni njia ya kumjibu mtu wa cheo chake. Nilimwambia kwamba kwa wakati ule sote tulikuwa na cheo kimoja. Hakuzungumza nami tena mpaka tuliposhuka.

Kule mbele, alipoulizwa, msaidizi alijibu kwamba Dodoma wasiende, kwa kuwa uwanja wa huko ni mfupi na zimamoto wake ni wachache. Akasema pia magurudumu yasikunjwe tena, kwani yakigoma yakiwa ndani hawatakuwa na la kufanya. Wayateremshe mara moja na kuyaacha hivyohivyo, wachome mafuta, halafu warudi Dar es Salaam. Kapteni akakubali. Wakayateremsha. Yakiteremka na kujifunga, huwaka taa tatu za kijani, moja kwa kila gurudumu. Ziliwaka mbili. Ya gurudumu la kushoto haikuwaka.

Kapteni akaichomoa balbu ya taa iliyokuwa inawaka, akaichomeka pale penye giza, ili kujua kama kilichokufa ni balbu tu. Haikuwaka. Hapo hata mimi nisiyejua ndege nilielewa tulipofikia.

Lililobaki lilikuwa kuchagua mahali pa kuzunguka. Hapa kapteni alisahau desturi yake akatangulia kusema wazungukie baharini, kwa kuwa ndivyo ilivyozoeleka, ndege ikianguka isiangukie watu. Msaidizi akakataa. Dada, nakumbusha kwamba alikuwa katika majaribio, na kwamba karatasi ya kuajiriwa au kufukuzwa kwake ilikuwa kwa mtu huyohuyo aliyekuwa akimkatalia. Alisema baharini kuna mawingu mazito, hawataona kitu, na abiria wakiangukia majini watazama hata kama ndege haikuvunjika. Akasema anajua mahali pa nchi kavu, kati ya reli ya kati na reli mpya ya Wachina, ambapo hawawezi kupotea kwa kuwa kila upande wataona reli. Kapteni akamuuliza chini yake kuna nini. Msaidizi akajibu, na maneno yake niliyasikia sawasawa:

“Hapana mtu, kapteni. Palikuwa na watu, wakahamishiwa kijijini wote. Sasa ni mikorosho mitupu.”

Kapteni akasema, “Una hakika?”

“Ni kwetu,” akasema.

Basi tukaja huko. Ilizungukia chini chini kwa sababu ndege ikiwa chini, na magurudumu yakining'inia, hula mafuta upesi zaidi. Hiyo ndiyo sababu mlidhani inawachungulia. Abiria walikuwa wakichungulia kweli, lakini walikuwa wakitafuta mahali pa kufia, hawakuwa na shughuli na nyumba za mtu.

Sasa nikueleze tulivyoviona tukiwa juu, kwa sababu wewe umenieleza mlivyoona mkiwa chini, na nimeziweka habari zote mbili pamoja mezani nikacheka peke yangu mpaka Siwema akaja kuniangalia. Umeandika kwamba ndege ilipopita mara ya tatu, mwenyekiti wenu Jumbe alifika kijijini akitweta, akagonga kile kipande cha chuma, akaamuru watu wote watoke mashambani waje nyumbani, kila nyumba iwashe moto, moshi uonekane kwenye picha. Umeandika kwamba Mwamvita alikoka moto bila kuwa na cha kupika, akabandika maji matupu, na kwamba wanawake walibadili khanga wakasimama nje wakifagia ua uliokwisha kufagiwa. Ukaongeza kwamba hakuna aliyemuuliza mwenyekiti yeye mwenyewe alikuwa anatweta kutoka wapi, ingawa suruali yake ilikuwa na utomvu wa mabibo.

Sisi juu tuliona hivi. Mzunguko wa kwanza na wa pili kijiji kilikuwa kimya, nyumba zimejipanga kama zilivyopimwa, hapana kinachotembea. Mzunguko uliofuata moshi ukaanza kupanda, nyumba moja, nyumba tatu, halafu safu nzima. Ndugu Silvanus alifurahi sana. Alisema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba hivyo ndivyo kijiji cha ujamaa kinavyotakiwa kuwa, watu wamo majumbani mwao na wanapika kwa wakati mmoja. Na kule mbele yule msaidizi alimwonyesha kapteni moshi ule akamwambia, unaona, wote wamo kijijini. Kapteni akaitikia kwa kichwa.

Kitu kimoja zaidi. Kabla moshi haujaanza, niliona chini, katikati ya mikorosho, doa jekundu likienda upesi kuelekea kijijini. Nilidhani ni mnyama. Halafu likasimama, likainama kama linaokota kitu, likaendelea. Mnyama haokoti kitu. Sikumwonyesha mtu. Siwezi kuandika kwamba ulikuwa wewe, maana sikuona uso, na khanga nyekundu wanazo wengi.

Tulizunguka mpaka mafuta yakapungua vya kutosha. Tukarudi, tukapita chini mbele ya mnara wa uwanjani ili watutazame kwa darubini. Wakasema gurudumu la kushoto limeteremka, lakini kama limejifunga hawawezi kujua. Stellamaris akatufundisha namna ya kuinama na kukumbatia magoti. Alifundisha kwa utulivu, akamsaidia mama mmoja mwenye mtoto, akachukua mkoba wa Ndugu Silvanus bila kumuomba ruhusa akauweka chini ya kiti. Kisha akaenda kukaa, akafunga mkanda wake.

Kapteni alimwachia msaidizi ataje mwendo na urefu kwa sauti, naye akaishusha ndege ikiegemea kulia, gurudumu zima likaanza kugusa, akaiweka hivyo muda mrefu kadiri alivyoweza. Kisha la kushoto likagusa. Likashika. Ndege ikakimbia, ikapunguza, ikasimama, na magari ya zimamoto yakatuzunguka yakiwa hayana cha kuzima. Watu hawakupiga makofi. Mtu mmoja nyuma akaomba maji, na ghafla wote wakawa na kiu.

Mafundi walipofungua waligundua kwamba gurudumu lilikuwa zima siku zote. Kiswichi kidogo kinachopeleka habari kwenye taa kilikuwa kimejaa tope, kwa kuwa siku iliyotangulia ndege ilitua kwenye kiwanja cha majani wakati wa mvua. Ndugu Silvanus alipoambiwa alisema kumbe tungefika Dodoma. Nilimuuliza kapteni anasemaje juu ya hilo. Alisema taa ile haikumwambia kwamba gurudumu ni bovu, ilimwambia kwamba hajui, na mtu asiyejua hapeleki watu Dodoma. Hayo niliyaandika gazetini. Habari yenyewe ilikuwa fupi. Mhariri alitaka jina la mahali ndege ilipozungukia. Nikaandika kusini mwa reli, basi. Wakati huo sikuwa na sababu, ila lile doa jekundu. Baada ya kusoma barua yako nimeshukuru kwamba sikutaja Mzenga.

Dada, tangu mwanzo wa barua hii nimekuwa nikimwita msaidizi. Nimefanya makusudi. Ningelitaja jina lake juu, usingesoma yaliyofuata, ungetoka nje na karatasi mkononi. Nafikiri umeshafahamu aliposema ni kwetu. Alikuwa Mfaume wako.

Hayuko tena kule chuo cha urubani. Alimaliza mwezi wa nane akarudi, na amepanga chumba karibu na uwanja. Aliniomba nisikwambie mpaka akubaliwe kazini, kwa sababu wenzake wawili waliorudi naye walishashindwa majaribio na kurudishwa nyumbani. Alisema, “Mjomba, mama akisikia, Mzenga nzima itajua kabla ya jua kuzama. Nikifukuzwa atawatazamaje?” Niliona ana haki, nikanyamaza. Lawama ya hilo nigawie na mimi.

Amekubaliwa. Hakuambiwa kwa hotuba. Tulipokuwa tumesimama chini ya bawa siku ile, watu wakipangusa jasho, kapteni alimwambia mbele yangu, “Kesho saa kumi na mbili asubuhi, na usichelewe.” Mfaume akaitikia, akaenda nyuma ya gari la zimamoto akakaa huko kidogo. Sikumfuata.

Ila kuna hili, nalo ndilo zito, nimelifikiria sana kabla ya kuliandika. Mwanao alipotaja mahali pale aliamini hapana mtu. Aliamini kwa sababu wewe mwenyewe ulimwandikia, mwaka ule mlipohamishwa, kwamba mmetoka wote na shamba la marehemu baba yake limebaki na nyani. Ndivyo ulivyotakiwa kusema, na ndivyo kila mtu Mzenga anavyosema kwa kila mtu. Akaichukua ndege yenye mafuta tele na gurudumu lisilojulikana, akaileta juu ya kichwa chako, nawe umerudi shambani hukohuko kama wenzako.

Alikuja hapa Ijumaa. Nilimpa barua yako aisome. Siwema alisema nisimpe, kwamba kijana ametoka katika shida na aachwe apumue. Mimi niliona mtu anayechagua mahali pa kuzungushia ndege ana haja ya kujua nani yuko chini. Alisoma, akasoma tena. Akauliza kama una hakika ulikuwa shambani na si kijijini. Nikamwambia umeandika mwenyewe, umeandika hadi mti uliokuwa umekaa chini yake. Akatoka nje akakaa kwenye ngazi. Nilipomfuata aliniambia, “Nilisema hapana mtu. Nilisema nina hakika.” Sikumfariji, kwa kuwa maneno hayo aliyasema kweli. Nilimwambia tu kwamba mlikimbia, na kwamba kabla ya mzunguko wa nne mahame yalikuwa matupu kweli kama alivyodai, shukrani kwa Jumbe na chuma chake. Hapo alicheka, na alipoanza kucheka alishindwa kuacha, mpaka akalazimika kupangusa macho.

Jana alikwenda kumweleza kapteni kwamba chini palikuwa na watu, bila kutaja shamba la nani. Kapteni alimuuliza habari hiyo kaitoa wapi. Akasema kwa mama yake. Kapteni akasema basi wamshukuru mama, na wakitafuta tena mahali pa kungojea wataulizana kwanza nani alipaona mara ya mwisho kwa macho yake.

Kuhusu kuhamishwa tena, nimeuliza mkoani hapa Kibaha, kwa watu wawili wasiofahamiana, kwa kisingizio cha kazi. Hakuna mpango kama huo kwa Mzenga. Zaidi ya hapo siwezi kuahidi, lakini hilo nina hakika nalo. Lala, dada. Mwambie na Jumbe alale, lakini usimwambie ya ndege yote. Mwache aendelee kuamini kwamba moshi wake umeokoa kijiji.

Nisalimie Mwamvita, umwambie maji yake yalichemka vizuri, tuliyaona kutoka juu. Wasalimie watoto wa marehemu shangazi na wote wanaonikumbuka. Siwema anakutumia sabuni na kipande cha khaki, atavileta Mfaume mwenyewe, kwa sababu amepewa ruhusa na anakuja Jumamosi kwa treni. Ameniagiza nikuulize jambo moja, nawe umpelekee jibu kwa mtu yeyote anayekuja mjini: akishuka stesheni, akutafute kijijini au shambani?

Ni mimi mdogo wako,

Mashaka